Dawa ya Fatiha Mbili

Jumatatu, 5 Mfunguo Tisa 1323

Nimeosha vyombo, nimepangusa kamera. Hakuna mteja. Nani apigwe picha siku hizi? Huko Umatumbi wameng'oa pamba ya Wadachi, na watu wananyweshwa maji ya mganga ili risasi zisiwadhuru. Kivinje nzima inaongea kwa kunong'ona.

Adhuhuri wakaja askari wawili na karani wa boma kupekua. Karani akashika chupa yangu mpya ya dawa ya kusafishia picha, akasoma kibandiko nilichoandika kwa mkono wangu: Maji ya Dawa. Nikaeleza. Nikaeleza tena. Askari akaimwaga barabarani. Kuku wa jirani akaja kudonoa, akaghairi.

Ningeandika Sumu wangeiacha. Mjinga ni mimi.

Jumatano, 7 Mfunguo Tisa

Wamemkamata shemeji Shaweji, mume wa dada. Ananunua sandarusi vijijini, kwa hiyo njia za Umatumbi anazijua. Mtu kasema alimwona huko mlimani amebeba kibuyu cha maji, siku ile aliyoondoka Bwana wa Forodha kurudi Ulaya.

Uongo. Siku ile Shaweji alikuwa hapa hapa, forodhani, gunia begani. Mimi ndiye niliyempiga Bwana wa Forodha picha ya kuagana, na Shaweji katokea nyuma yake. Kioo cha picha hiyo ninacho.

Dada Mwanahawa kaja. Hakuitikia vizuri hata shikamoo yangu. “Abdala, usinipe pole. Kioo kipeleke bomani.”

Alhamisi, 8 Mfunguo Tisa

Nimekipeleka. Bwana Shauri, ndiye anayehukumu, akakiinua dirishani. Kwenye kioo kila kitu kimegeuka: Mzungu mweusi, sisi weupe, kanzu nyeusi. Akacheka. Karani akatafsiri: anataka picha ya karatasi, watu wawe watu. Hukumu ni Jumatatu.

Karatasi ninazo tatu. Dawa ni ile chupa ya zamani tu, ya mwaka jana. Rangi yake chai ya rangi. Sijui kama ni nzima.

Ijumaa, 9 Mfunguo Tisa

Baada ya sala nimeijaribu. Fundi wangu wa Unguja alinifundisha hivi: kata ukanda wa karatasi, uutoe mlangoni upate mwanga, uutumbukize kwenye dawa, soma Fatiha. Dawa nzima huufanya mweusi tii kwa Fatiha mbili. Ukihitaji ya nne, mwaga.

Ukanda wa kwanza: Fatiha tano, kijivu.

Nikaweka bakuli la dawa juu ya maji ya moto. Ukanda wa pili: Fatiha nne, mweusi wa masizi. Si nzima, si mfu. Karatasi moja imekwisha kwa majaribio. Zimebaki mbili. Naogopa.

Jumamosi, 10 Mfunguo Tisa

Picha ya kwanza. Uso wa Shaweji umekuja mapema, mzuri, hata kovu la kidevuni. Nyuso zetu hutangulia daima, weupe huja mwishoni. Nikangoja weupe. Fatiha sita, saba, tisa. Haukuja. Mahali pa Bwana wa Forodha pana karatasi tupu yenye kivuli cha kofia na masharubu. Suti nyeupe, uso mweupe, dawa imechoka kabla ya kumfikia.

Na bila yeye siku haijulikani.

Jumapili, 11 Mfunguo Tisa

Karatasi ya mwisho nimeipa mwanga mara tatu. Dawa nikaipasha moto hadi inanuka. Bwana wa Forodha katoka kamili, vifungo, mnyororo wa saa, yote. Nyuma yake watu wote wamekuwa doa moja jeusi. Najua Shaweji ni yupi kwa sababu ya gunia. Mwingine hatajua.

Kesho nazipeleka zote mbili. Ukiziweka pamoja zinasema kweli. Nimemwambia dada hivyo. Nusu naamini.

Jumatatu, 12 Mfunguo Tisa

Nimeziweka mezani sambamba. Nimeonyesha kwa kidole: huyu hapa, na huyu hapa, siku moja, kioo kimoja. Ya kwanza Bwana Shauri hakuitazama sana. Ya pili aliishika muda mrefu, akatabasamu, akamtaja rafiki yake kwa jina.

Nikaambiwa nitoke.

Jumanne, 13 Mfunguo Tisa

Wamenyongwa watatu asubuhi. Shaweji alikuwa wa pili.

Alasiri karani kaja dukani. Picha yenye Shaweji kairudisha. Nyingine Bwana Shauri kabaki nayo, na anataka ya pili kama ile, ampelekee rafiki yake Ulaya. Nikamwambia dawa imekwisha. Karani hakunitazama usoni. Nadhani alikumbuka ile chupa.

Nina hasira. Naiandika hapa, mahali pengine pa kuiweka sina.

Ijumaa, 16 Mfunguo Tisa

Matanga yamekwisha. Dada haongei nami. Sijafungua duka.

Jumatano, 11 Shaabani

Meli imeleta sanduku langu kutoka Unguja. Dawa, karatasi. Kibandiko nimeandika Dawa ya Picha. Lile neno Maji nimeliacha.

Nimejaribu kama kawaida. Ukanda, mlango, Fatiha mbili. Mweusi tii.

Kisha nikachukua kile kioo. Wote wametoka: Bwana wa Forodha na suti yake, wapagazi, na nyuma Shaweji na gunia, anafinya macho kwa ajili ya jua. Nilikuwa nasoma Fatiha. Ya pili ilipofika nikajua siihesabii dawa tena. Nikaendelea hadi amina, ndipo nikaitoa karatasi. Imekaa kupita kiasi. Kizibao cha Shaweji kimeiva mno kwa weusi, uso uko sawa.

Sehemu ya Mzungu nimeikata kwa mkasi. Iliyobaki nimempelekea dada. Kaipokea kwa mikono miwili, akanikaribisha uji.