Wodi Kabla ya Ukumbi

Halmashauri ya Mji,
Bukoba.
26 Novemba, 1967.

Kwa Mae, mama yangu mpendwa, Klaudia,

Kasinge, Mae, nakuamkia. Naomba barua hii ikukute shambani na si kitandani, na lile goti liwe limekubali dawa. Kahawa inakaukaje na mvua hizi? Mimi ni mzima. Mume wangu Clavery naye ni mzima, anakushukuru kwa senene ulizotuma. Alizimaliza kabla sijarudi kazini.

Uliwahi kuniuliza karani anaandika nini siku nzima. Wiki hii nimeandika makadirio ya mji kwa mwaka ujao, yaani kipi kijengwe na kipi kingoje. Rasimu niliipiga chapa mwenyewe. Juu kabisa ulikuwa ukumbi mpya wa mikutano, kisha taa za barabara ya ziwani. Wodi ya wazazi waliyoiomba watu wa Ijuganyondo ilikuwa mwisho wa karatasi, imeandikiwa "itafikiriwa".

Alhamisi wananchi wakaitwa kutoa maoni. Mweka hazina, Bwana Kagaruki, alieleza kwa upole kwamba ukumbi ungekodishwa kwa arusi na mikutano, na mapato yake ndiyo yangejenga wodi baadaye. Si mtu mbaya, Mae, na hoja yake ilikuwa na kichwa na miguu. Diwani mmoja akasema huo si ujamaa. Mwenzake akamjibu kwamba hata ujamaa unahitaji mahali pa kukutania, watu wakacheka. Mwenyekiti, Mzee Ndyamukama, alikuwa keshaanza kuuliza nani anakubali, ndipo aliposimama mkunga mmoja kutoka Kashozi, Sista Benigna.

Alisema hakuja kubishana, ila kusimulia. Wakati wa vita vya Wazungu, mwanamke mmoja wa Izigo, ambaye mumewe alikuwa ameenda vitani asirudi, alishikwa na uchungu ukamzidi. Wanaume wa kijiji wakambeba kwa machela kumleta hospitali. Njiani wakakuta mto umefurika, wakakaa ukingoni kungoja maji yapungue. Mtoto akazaliwa palepale kwenye matope. Mama yake akafa kabla ya kuvushwa.

Marehemu alikuwa na mdogo wake, aliyekuwa akisomea utawa pamoja na Sista Benigna. Yule binti aliomba ruhusa ya kwenda kuzika. Alirudi mara moja tu, kukabidhi mavazi ya utawa, mtoto akiwa mgongoni. Mama Mkuu alipomsihi abaki, alijibu: "Mungu ana watawa wengi. Huyu ana mimi tu."

Kisha Sista akawageukia madiwani. Alisema zamani zile waliulaumu mto na Mzungu. Leo tunajitawala, mama wa Ijuganyondo akifia njiani, tutamlaumu nani?

Bwana Kagaruki ndiye aliyeomba kusema kwanza, akapendekeza ukumbi ungoje na wodi ianze. Taa nazo zimepunguzwa, kwa hiyo barabara ya ziwani itabaki na giza kwa sehemu kubwa. Hakuna diwani aliyepinga.

Sasa Mae, kama umesimama, keti.

Baada ya mkutano nilimpelekea Sista chai. Nikamwambia mimi pia ni wa Izigo, nikauliza yule mwenzake alikuwa binti wa nani. Akajibu pale pale: Klaudia wa Mzee Karugendo. Na marehemu dada yake aliitwa Jovitha.

Ilibidi niweke birika chini. Nilimwambia kwamba Mzee Karugendo ni babu yangu, na Klaudia ndiye ninayemwita Mae. Sista alinishika uso kwa mikono yote miwili, akanitazama, akaanza kulia. Nami nikalia.

Sina hasira, Mae. Najua hukutaka mtu yeyote aniite yatima, na kweli hakuna aliyewahi. Nakumbuka ulivyokuwa ukisali peke yako jikoni kwa Kilatini, moto ukiwaka chini ya chungu cha matoke, nami nikidhani kila mama husali hivyo. Wiki hii ndipo nimejua uliacha nini kwa ajili yangu, wala hukunidai hata shukrani. Basi pokea sasa, ingawa nimechelewa: asante kwa mgongo wako, asante kwa ujana wako.

Jumamosi nitapanda basi la Muleba, nishuke hapo Izigo. Nakuomba usihangaike kutafuta maneno ya kujieleza. Nionyeshe tu alipolala Jovitha, nimwambie kwamba mwanawe alipata mama.

Wasalimie majirani wote, na mwambie babu namletea tumbaku. Mungu akutunze hadi tuonane.

Mimi mwanao,
Kokushubila