Khisa Hakula Chakula Changu

Kakamega,
Oktoba 1995

Kwako Adhiambo, mwenzangu wa soko,

Mulembe. Nakusalimu wewe na goti lako, maana najua hilo goti ndilo linaamka kabla yako. Linakunjika siku hizi? Wajukuu je? Na ule mche wa ndimu niliokupa ukihama, ulishika, au uliuzamisha kwa maji kama kawaida yako? Sisi huku tuko wazima. Ng'ombe amezaa ndama jike, mvua inakuja kwa saa yake, na mimi nakula nikashiba na kulala nikakoroma. Kwa umri wetu huo ndio uzima.

Anayeandika ni Gentrix, mke wa kitinda mimba wangu. Mimi nasema, yeye anaandika, na kila mara ananiambia, mama, hilo tusiliandike. Nimemwambia aandike. Wewe na mimi tumeuza samaki na mboga kwenye meza moja, hakuna tulilofichana.

Habari niliyo nayo ni ya kura, ile ya kupiga. Hapo nimemfanya Gentrix aangalie mara mbili kama ameweka r, maana ulimi wangu unaujua. Ulikuwa unanichekanga sokoni, kura na kula zikitoka mlango mmoja, nami nakucheka na "samba" lako badala ya shamba, mpaka wateja wanatukimbia. Sasa huo ulimi uliokuwa unaucheka umefanya kazi.

Unakumbuka Osundwa wangu alipokufa aliniachia miwa. Miwa ni yangu kwa jembe, lakini katika chama cha wakulima jina lilibaki lake. Siku ya mkutano mwenyekiti Shikanga huita majina, na akifika kwa Osundwa, shemeji yangu Khisa ananyosha mkono. Basi mume wangu amelala nyuma ya nyumba, nimempandia na maua, lakini mkutanoni bado anachagua kamati. Mimi ninayepalilia niko nje na wajane wenzangu, tunawapikia chai. Na kamati ndiyo inasema shamba la nani likatwe kwanza. Yetu yanarukwa. Miwa yangu ilingoja mpaka ikatoa maua meupe, ikakauka, ukiivunja inalia kama kuni. Mwaka wa tisini na mbili nilichovya kidole kwenye wino nikachagua wakubwa wa nchi. Lakini kuchagua wa kunikatia miwa, eti mimi si mtu. Tulisema, tukasema tena, wanaume wakapiga miayo.

Ndipo akaja Roda, binti wa mwalimu Wekesa. Amesomea Nairobi mambo ya kutengeneza sinema, na amepanga chumba Shirere. Sinema yake si ile ya watu kupigana na kuanguka kutoka kwa farasi. Alinieleza kwamba kwake hakuna anayeigiza: mnaishi mnavyoishi, yeye anatazama, halafu anauliza kwa nini mnaishi hivyo. Alikuwa anafuata habari ya miwa kumeza mashamba ya mahindi mpaka watu wanalala njaa. Alikuja na bwana mmoja wa Nyeri anaitwa Maina, ana ndevu, amebeba fimbo ndefu yenye manyoya juu. Nilidhani ni paka aliyekufa, kumbe ni kitu cha kunasa sauti.

Siku ya kwanza nilivaa rinda la kanisani. Roda akanirudisha nikavae nguo ya shamba. Alinifuata kisimani, shambani, mpaka nikasahau kwamba yuko. Halafu akaniuliza mbele ya mashine, shida ya wajane ni nini. Nikasema hatuna kura. Nikasema mume akifa, kura imekwisha. Nikasema Khisa anakula kura yangu. Sasa anayesema ni Mluhya, anayesikiliza ni mtu wa Nyeri, na sisi wote wawili r na l zetu zilichanganyika tangu tumboni mwa mama zetu. Na wao walikuja wakitafuta njaa. Unafikiri walisikia nini?

Sinema ilionyeshwa kanisani mchana wa Jumamosi, madirisha yamezibwa kwa blanketi na magunia. Shikanga alikaa mbele, kando yake afisa wa ushirika kutoka mjini ambaye Roda alimwalika. Nikaiona mikono yangu kwenye shuka jeupe, mikubwa kama majembe, nikaona haya. Baadaye haya ikaisha, nikaipenda. Akatokea Shikanga amekaa kwenye kochi lake, anasema wajane wanatunzwa vizuri, hawana lalamiko. Sinema haikumtukana. Ilinyamaza tu, ikaonyesha miwa yangu imekauka, kisha shamba lake limekatwa likabaki jeupe, kisha miwa yangu tena. Mtu fulani nyuma akakohoa. Navalayo, mjane mwenzangu, akaniminya paja.

Halafu nikatokea mimi nikisema, na sauti ya Maina ikaeleza juu ya yangu: Mama Awinja anasema shemeji yake Khisa anakula chakula chake.

Adhiambo, unamjua Khisa. Mzee wa kanisa, mwembamba kama mti wa ufagio. Watu wote wakamgeukia. Mama mmoja akasema kumbe ndiyo sababu Awinja amekonda. Mimi, na hii nyonga yangu! Mke wa Khisa akamuuliza palepale, nyumbani ananyimwa nini. Mwanamume wa watu akasimama mbele ya shuka, picha zikawa zinapita usoni mwake, akasema:

"Ndugu zangu, mimi sijawahi kula chakula cha huyu mama. Hata kuku wake, mguu wa ingokho, sijaonja. Mimi nampigianga kura tu."

Afisa akaomba mashine isimame, akauliza ni kura gani. Khisa kwa hamu ya kusafisha jina lake akatapika yote: kwamba kila mkutano anamnyoshea marehemu mkono, kwamba hayuko peke yake, kwamba Shikanga aliwaambia ndiyo desturi ya chama. Afisa akamgeukia mwenyekiti, wala hakupandisha sauti.

"Mzee, katika chama chako marehemu wangapi wanapiga kura?"

Shikanga akaanza kutafuta miwani mfukoni, nayo ameivaa.

Mkutano uliitishwa upya. Majina ya waliolala yakafutwa, yetu yakaandikwa. Alipoitwa Awinja niliinua mkono mpaka kwapa likauma, nikaukataza kushuka. Navalayo sasa yuko kwenye kamati. Na leo ninaposema barua hii, wakataji wako shambani kwangu, nawasikia wakiimba nyimbo zao za matusi, na wajukuu wanatafuna miwa mpaka midomo imekatika.

Sasa lile ambalo Gentrix hataki liandikwe. Kabla ya Jumamosi ile, Roda alituita Shirere, tukaiona sinema kwenye televisheni yake ndogo. Gentrix ndiye aliyesikia kosa, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Roda akashika kichwa. Akasema lazima warekebishe, sinema yake haiwezi kusema uongo. Nikamwambia aiache.

"Nikisema kura, watapiga miayo," nikamwambia. "Nikisema chakula, Khisa atasimama mwenyewe."

Alikataa. Alisema kazi yake ni kuonyesha, si kutega. Nikamuuliza, na miwa yangu uliyoiweka baada ya kochi la Shikanga, ulikuwa hutegi? Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho akakubali kwa siku ile moja, kwa sharti kwamba siku hiyohiyo asimame aseme kosa. Alisimama akasema, nami nikamwomba Khisa msamaha mbele ya watu. Sauti imesharekebishwa. Lakini Maina alikuwa na mashine ikinasa pale kanisani, kwa hivyo Khisa mwenyewe sasa yumo ndani ya sinema, anatetea mguu wa kuku, na wameipeleka Nairobi.

Khisa alininunia. Jana nikachinja ingokho, nikasonga ugali, obusuma yenyewe, ikashika, nikamwita. Alisimama mlangoni akauliza kama kuna mashine. Nikamwambia, ingia shemeji, kura nimeshachukua, chakula nakupa. Alikula mapaja yote mawili.

Salimia nyumba yako yote, na ulikande hilo goti kwa mafuta ya moto, usiwe mvivu. Ukija, njoo na samaki. Nimemwambia Gentrix anisomee barua yote kabla ya kuifunga, na kila akifika penye kura na kula anitazame mdomo.

Ni mimi wako wa meza moja,
Awinja