Jina Lako Lilitokea kwenye Simu

Ulyankulu, Tabora

Dada Zuhura,

Shikamoo. Na huyo aliyelala pembeni yako anasikiliza, shikamoo mama. Najua dada ameketi ukingoni mwa kitanda anakusomea, basi naandika herufi kubwa asikwame. Je, mkono wa kulia umeanza kushika kikombe? Bado dada anakuchua kwa mafuta ya mawese asubuhi?

Mimi ni mzima. Moto wa mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku, umezimwa, majani yamekauka, sasa tunashinda chini ya banda tukipanga tumbaku kwa madaraja, ya njano huku, yenye madoa kule. Vidole vimekuwa vyeusi, vinanata, hata ugali ukiushika unageuka mchungu. Mboga ni nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, watu wa huku wanayapenda kuliko nyama. Nimeyazoea. Nalala chumba kimoja na Masanja, mtu wa Nzega, mpole, anakoroma kama mashine ya kukoboa. Ananicheka kwamba naogopa nyoka na hali natoka Ujiji kwa watu wanaooga ziwani na mamba. Tajiri atatulipa tumbaku ikishauzwa, ndiyo desturi ya huku. Ikiuzwa tu nakuja.

Nisalimieni Baba Mdogo fundi baiskeli, na Mama Asha jirani anayetuazima simu, na ustadhi wangu wa madrasa, mwambieni Yasini bado naikumbuka. Mama, niombee.

Dada, karatasi hii ya pili usiisome kwa sauti. Mwambie mama barua imekwisha, mpe chai yake, halafu haya yanayofuata usome peke yako.

Naandika kwa sababu namba yako haipatikani, na kwa simu ya Mama Asha siwezi kusema haya, yule huweka sauti ya juu nyumba nzima ikasikia. Barua anakuletea Mzee Ramadhani, muuza dagaa, amemaliza mzigo wake gulioni hapa na anarudi Kigoma kwa treni.

Unakumbuka uliponipigia ukicheka, kwamba umepata kazi ya kufanya ukiwa nyumbani? Ulisema kampuni inapokea hela za watu kupitia laini mpya uliyosajili kwa jina lako, wewe unazituma mbele, wanakuachia kidogo. Mama hajigeuzi mwenyewe kitandani, huwezi kutoka kwenda kuuza mawese sokoni, nikasema Mungu ametuona. Sikuuliza kampuni inauza nini. Sidhani hata wewe uliuliza.

Sasa sikia. Mke wa Masanja, Kabula, yuko Nzega na mtoto mchanga. Aliona tangazo kwenye simu, kazi ya nyumbani ya kufunga sabuni kwenye pakiti. Akaandikiana na mtu aliyejiita meneja. Kwanza wakataka hela ya fomu, akatoa aliyokuwa nayo. Kisha wakataka ya katoni za sabuni, wakasema zitakuja kwa basi. Masanja akamwendea tajiri, akakopa kwenye mshahara wake wa msimu. Hana kitambulisho, kwa hiyo hana laini ya kutuma hela, mkopo ukaingizwa kwenye simu yangu. Tukapanda kichuguu kilicho nyuma ya bani, ndipo mtandao unaposhika. Pale juu akasita.

"Hamisi, wewe umefika darasa la sita," akaniambia. "Hawa watu ni wa kweli?"

Nikaandika namba ambayo Kabula alipewa na meneja, ngeni kwangu. Kabla sijaweka namba ya siri, jina la mpokeaji likatokea. Jina lako, dada, majina yote matatu, mpaka la babu.

Nilicheka kwa furaha. Nikamwambia, "Ondoa wasiwasi. Huyu ni dada yangu wa tumbo moja. Ndiye karani wao." Masanja akanipiga bega, akasema basi sabuni ya kwanza nitaogea mimi, maana nanuka tumbaku kuliko tumbaku yenyewe. Nikabonyeza.

Kabula alimbeba mtoto mgongoni akaenda kushinda stendi mpaka basi la mwisho. Kesho yake akarudi tena. Makonda wakaanza kumwita Mama Sabuni. Meneja hapokei simu.

Masanja hakunipiga. Afadhali angenipiga. Bado ananipakulia ugali, ila haongei, na usiku hakoromi tena. Jana tukiwa bandani alisema jambo moja tu, bila kuniangalia. "Polisi sitaki, dada yako ana mgonjwa. Nataka kujua tu, alidhani hela zile ni za nini?"

Nilimuuliza mama mmoja wakala wa hela gulioni. Akasema kazi ya kweli haianzi kwa kumtoza mtu, na polisi humfuata mwenye laini, kwa kuwa alama za vidole zilizosajili laini ni zake. Halafu tulipopeleka magunia ya mahindi ya tajiri Tabora mjini, nikaenda kukutafutia kazi ya kweli kwa mwanamke mmoja wa mtaa wa Kanyenye anayewapa wanawake wa Ipuli mashuka ya kudarizi majumbani kwao. Pale hakuna fomu. Anatazama mshono wako, anakupa kitambaa na uzi, ukirudisha anakulipa. Nikakutaja, nikausifu mkono wako. Akasema hampi kitambaa mtu ambaye yeye haujui mlango wake, na Ujiji ni mbali. Nikamshukuru, nikarudi kwenye lori.

Kuja siwezi. Nikiondoka kabla ya soko nimepoteza msimu mzima, na nauli yenyewe sina. Nilitaka kukuandikia uende na mwenyekiti wa mtaa, mkatoe habari polisi kabla hawajakufuata, na laini ifungwe. Lakini nikifikiri wakikuweka ndani, mama atageuzwa na nani? Nimeandika, nimekata, dada yangu. Mama akiuliza karatasi ya pili ina nini, mwambie ni habari za tumbaku.

Nijibu jambo moja, umpe Mzee Ramadhani akirudi na dagaa. Ile laini unayo mwenyewe, au uliwaachia wao? Kama uliwaachia, basi wanaiba kwa jina lako nawe huna habari, na siku yoyote mlango utagongwa. Kama unayo, basi siku ile uliingia ujumbe kwamba umepokea hela. Hela ilitoka kwenye simu yangu, dada. Na wewe jina la aliyetuma lilikutokea.

Kila nikiswali nataka kuomba jibu liwe mojawapo, na sijui niombe lipi.

Mdogo wako,
Hamisi