Gololi Kwenye Bati

Rhotia,
9 Juni 1983

Kaka Martini,

Sisi wazima, mahindi yamekomaa, na mimi furaha hainipi hata nafasi ya kukaa nikuandikie vizuri!

Shuleni tumejifunza kupima jinsi kitu kinavyozidi kasi kinapoteremka. Nimekuja likizo, nikajaribu hapa nyumbani. Nililaza bati uani, upande mmoja juu ya matofali mawili, nikaachia gololi ya beringi kwenye mfereji wake. Saa sina, kwa hiyo nilitoboa kopo la maji ili nihesabu matone. Tone la kwanza, gololi imekwenda shubiri moja. La pili, nne. La tatu, tisa! Kaka, inazidi kasi yenyewe!

Baba akaja na fimbo yake. "Unaisukuma kwa kidole," akasema.

Ni kama alivyokuambia wewe, siku ile tela la ngano lilipoteremka kule Mbulumbulu likamuua maksai wetu: kwamba kitu kilichosimama hakiwezi kukimbia vile, lazima ulikuwa unaliendesha ovyo.

Nikampa gololi aiachie mwenyewe. Akaiachia mara sita. Shubiri tisa, tisa, tisa. Akachuchumaa, halafu akasema, "Kumbe Martini alikuwa ameliegesha lile tela kweli."

Miaka miwili tangu uondoke kwa lawama ile, kaka! Rudi. Maksai mpya hajajua jembe, na Baba anasema hana wa kumfundisha.

Mdogo wako anayekungoja barabarani,
Cresensia

Baba amekataa kunirudishia gololi yangu. Anatembea nayo mfukoni mwa koti.