Dada, Pima Kabla Mtoto Hajaja

Nyuma ya Saluni ya Kipara,
Chumba cha mwisho, karibu na tangi la maji.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada Bonge,

Salamu nyingi, na nyingine za akiba. Hujambo wewe na tumbo lako? Shemeji je, bado anakoroma mpaka mabati yanatikisika? Na miguu ya Mama imepoa? Mimi mzima, tena napendeza kuliko mlivyoniona mwisho. Wateja wanamkataa bosi mchana kweupe, wananingoja mimi.

Sasa kaa chini, nina neno.

Mwezi uliopita watu wa afya walikuja mtaani kupima damu bure. Nilitangulia mimi, kifua mbele, nikiwacheka wenzangu wa saluni wanaoogopa sindano. Wao wakatoka safi. Mimi nikaambiwa nina virusi vya homa ya ini, aina ya B. Siumwi popote, lakini daktari anasema ndivyo vilivyo: vinakaa kimya miaka na miaka huku vinalila ini taratibu. Nitakuwa nahudhuria kliniki, na pombe marufuku. Shemeji acheke tu.

Tangu hapo wamenitengea kikombe, wamekifunga uzi mwekundu kwenye kishikio. Tulikuwa tunakula sinia moja. Sasa nala na kibakuli changu kwenye ngazi, natazama ukuta. Mrefu, niliyekuwa nalala naye chumba kimoja, kahamia kwa binamu yake. Nimebaki na kitanda kizima, tajiri gani ananifikia? Ila Dada, chumba kimekuwa kikubwa mno.

Na vituko havijaisha. Mteja kila mmoja tunamwekea wembe mpya, lakini wenzangu wao kwa wao asubuhi wanaazimana wembe mmoja wa ndevu! Nikamwambia bosi, "Mzee, haviambukizi kwa kikombe wala kwa kushikana mikono. Ni damu, wembe, sindano, na mambo ya kitandani."

Akanijibu, "Dogo, udaktari umeupata lini? Darasa la nne lenyewe ulitokea dirishani."

Wakacheka wote. Nikacheka nami, ningefanyaje.

Sasa zamu yako. Daktari anasema huenda nilivipata siku niliyozaliwa, maana mama anaweza kumwambukiza mtoto bila kujua. Mimi na wewe tumetoka tumbo moja. Mama mwambie polepole naye akapime, na umwambie si kosa lake. Wewe nenda kliniki kesho, waombe kipimo cha homa ya ini B. Ukikutwa navyo usilie, dawa zipo, na mtoto achanjwe siku hiyohiyo anayozaliwa. Wakikwambia wiki ijayo, kataa! Ukiwa huna, omba chanjo, na Shemeji naye apime, hata kama itabidi mumshike watu wawili.

Nisalimie Mama, Shangazi wa mashine ya kusaga, na Babu. Mwambie kichwa chake hakijapata kinyozi tangu niondoke. Mungu akushushe salama, akupe mtoto mwenye sura yangu, si ya baba yake.

Akizaliwa nitakuja. Nitakaa popote mtakaponiweka, hata mlangoni. Ila Dada, nakuomba, nikinyoosha mikono unipe nimbebe.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kuliko ninavyojipenda, na unajua ninavyojipenda,
Kinyozi Namba Moja