Leo Mguu Gani?

Jumatatu, 7 Novemba

Mjukuu wangu,

Huna haya. Hali yako sikuulizi, maana niliiona mwenyewe juzi kwenye televisheni ya kinyozi: ulikufa, ukafufuka, ukafa tena, na ulipofufuka mara ya mwisho ukapiga mpira hadi ng'ambo ya uwanja kama mtu aliyeamka usingizini. Mimi hali yangu ni mbaya, asante kwa kuuliza, na sababu ni wewe.

Nikueleze ilivyokuwa, kwa kuwa wewe ulikuwa chini umefumba macho. Nilifunga kazi mapema. Niliacha mto wa watu umeshonwa upande mmoja, sufi inachungulia nje, nikavaa gauni la kutokea, kwa sababu mjukuu wangu ni kipa wa ligi kuu na mtaa mzima unajua. Nani aliwaambia? Mimi. Nilipewa kiti cha mbele, kile cha kunyolea, wateja wakanyolewa kwenye benchi. Mkawa mnaongoza kwa bao moja. Mara nikakuona unashika goti, unalala. Hapakuwa na mtu karibu yako. Nikajua ni moyo. Nikapiga ukelele, kinyozi nusura amkate mtu sikio. Nikawaambia wote wasimame tukuombee, na walisimama, hata yule fundi baiskeli ambaye hamwombi Mungu kitu isipokuwa pancha.

Tukiwa katikati ya dua, kinyozi akasema taratibu, kama mtu anayemwambia mkubwa wake kwamba gauni limepasuka nyuma: "Bibi, huyo haumwi. Anakula muda."

Anakula muda! Nilikulisha miaka yote ile, kumbe hukushiba. Watu wakakaa chini bila kusema amina. Hakuna aliyenicheka usoni, na hilo ndilo lililoniuma.

Nakuandikia kwa sababu simu yako naijua: nikianza kusema, mtandao wako unaharibika. Barua haina mtandao. Nijibu: ulikuwa unaumwa au hukuwa unaumwa?

Bibi yako.
Ule utani wa kuniita mke wako uweke kando kwanza.


Jumanne, 15 Novemba

Bibi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na sindano haikuchomi vidole. Mimi mzima. Ndiyo, mzima, na goti pia.

Usikasirike, Bibi. Mpira wa ligi kuu ndivyo ulivyo. Sisi tuko mkiani kwenye msimamo, na timu za mwisho zinashuka daraja. Tukishuka, wengi wetu tunaachwa. Kwa hiyo tukipata bao tunalilinda kwa kila njia. Kocha wetu ana kofia. Akiivua akajikuna kichwa, mimi natakiwa nianguke. Refa anasimamisha mchezo, wenzangu wanapumua, wapinzani wanapoa. Daktari wa timu anakuja mbio na mkoba wake, anapiga magoti, ananinong'oneza: "Leo mguu gani?" Nikisema wa kulia, anaumwagia maji baridi. Ni maji tu, Bibi.

Makipa wote wanafanya hivyo. Hakuna anayeumia. Nisamehe kwa ile dua.

Mjukuu wako,
Komeo (mashabiki wameniita hivyo kwa sababu nafunga mlango)


Jumatatu, 28 Novemba

Mjukuu wangu,

Nimesoma. Mgongo haujatulia, na hayo maji yenu ya baridi usiniletee.

Hakuna anayeumia, unasema. Basi nikupe habari za huku, bwana Komeo. Huku una jina jingine. Jana mwenye duka la vyuma alikuja kuchukua mito yake, akaniuliza mbele ya wateja: "Bibi, fundi wa magodoro kama wewe, mbona humshonei mjukuu wako moja, atandikiwe pale golini? Atavunjika mbavu bure!" Nikamwambia achukue mito yake anipishe. Akaenda anacheka njia nzima. Mimi nikabaki nashona mshono wa kombo mpaka jioni. Siku hizi unaitwa Godoro, na watoto wakipita hapa kibarazani wanajiangusha.

Ulipokuwa mdogo ulipanda kwenye bati la jirani kufuata mpira, ukaanguka, mkono ukavunjika. Ulikuja kwa miguu yako ukaniambia, "Bibi, mkono huu umekuwa mrefu kuliko mwenzake." Hukulia. Daktari, daktari wa kweli, alikustaajabia. Mtoto yule amekwenda wapi? Siku hizi upepo unakulaza.

Na usiniambie makipa wote. Wote wakila sabuni nawe utaonja? Kofia ni ya kocha, magoti ni yako. Usianguke tena bila kuguswa. Niandikie neno moja tu, kwamba huanguki. Mengine sitaki.

Bibi yako.


Jumapili, 22 Januari

Bibi,

Shikamoo. Sianguki.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nione kama nitaweza. Kocha alivua kofia, mimi nikatazama mawingu. Akaivua tena, karibu aitupe uwanjani. Baada ya hapo nikawekwa benchi. Kipa wa pili akapewa mlango, akafungwa manne siku moja, nikarudishwa. Sasa nikiwa chini ujue nimeufuata mpira. Tumepanda nafasi mbili. Waambie hapo kwa kinyozi.

Mume wako (naruhusiwa?)


Jumanne, 2 Mei

Mjukuu wangu,

Mwongo wewe. Salamu sina.

Miezi yote hii nilitembea kifua mbele. Barua yako nilikuwa naiweka kwenye mkoba, na aliyethubutu kusema Godoro nilimsomea. Jumamosi nikakaa tena kwenye kiti cha mbele. Mlikuwa sare, mechi inaelekea mwisho, wapinzani wakapata kona. Yule kijana wao mrefu, mshambuliaji anayeongoza kwa mabao, akaruka kando yako. Ukashika shavu, ukaenda chini kama gunia lililokatwa kamba.

Fundi baiskeli akasema, "Haya, limetandikwa."

Nikasimama. Nikasema safari hii amepigwa, maana aliniandikia kwa mkono wake kwamba haanguki. Kinyozi akasema, "Bibi, hebu tusubiri marudio." Nikamwita mzushi. Nikamwita hasidi, mtu anayenyoa vichwa vya watu mabakamabaka halafu anajifanya anaona. Refa akatoa kadi nyekundu, na mimi nikapiga makofi. Mtoto wa watu anatolewa nje huku analia, mimi bibi wa mtu napiga makofi.

Kisha wakarudia polepole. Kiwiko chake kilipita mbali na uso wako. Hapo katikati ungeweza kupitisha mto. Na kule pembeni, kabla ya yote, mtu anavua kofia.

Kinyozi alizima televisheni mwenyewe, mpira haujaisha, wateja wamekaa, ili nisiendelee kutazama. Nilitoka nikasahau mkoba wangu chini ya kiti.

Jana nilirudi. Nilingoja mpaka watu walewale wakajaa, nikamwambia kinyozi: "Nilikuita mzushi, kumbe mzushi nilimlea mimi. Niwie radhi." Akasema yameisha, Bibi. Hayajaisha. Redio inasema kijana yule anapelekwa kwenye kamati ya nidhamu na anaweza kufungiwa mwaka mzima. Wanamwita mhuni. Niambie utasema nini.

Bibi yako.


Jumamosi, 6 Mei

Bibi,

Shikamoo. Sina uso wa kukuuliza hali.

Ni kweli, hakunigusa. Nilikuwa nimejizuia tangu Januari. Lakini mechi zilikuwa zimebaki mbili, tukipoteza ile tunashuka, na kocha alivua kofia. Mwili ulianguka kabla sijaamua. Huo ndio ukweli, ingawa najua hautoshi. Yule kijana alipotoka tukawafunga dakika za mwisho. Daktari alipofika hakuuliza mguu gani. Aliuliza, "Shavu lipi?"

Kamati inakaa Alhamisi. Picha zinabishaniwa: za upande mmoja zinaonyesha amenikosa, za upande mwingine kichwa chake kinaziba. Wanasema neno langu ndilo litakaloamua. Viongozi wa timu wameniita wakanifundisha la kusema. Nikisema ukweli tunaweza kunyang'anywa ule ushindi, tukashuka, na wenzangu wenye watoto wakakosa kazi kwa sababu yangu.

Kuna jambo jingine, na sijamwambia mtu. Jana, baada ya mazoezi, mama wa yule kijana alikuwa amesimama getini. Nilidhani amekuja kunitukana, nikajiandaa. Alikuwa ameshika kikapu kwa mikono miwili, tiketi ya basi bado iko kidoleni. Akasema, "Baba, nimekuja kukupa pole. Shavu limepona? Mwanangu si mtoto wa fujo, sijui shetani gani alimwingia. Msamehe kwa ajili yangu."

Bibi, nilisema, "Asante, mama." Nikamwambia limepona.

Tangu jana siwezi kula. Sijui nifanye nini.

Mjukuu wako.


Jumatatu, 8 Mei

Mjukuu wangu,

Shikamoo yako nimeiona. Marahaba nimeiweka, utaipata Alhamisi.

Barua yako niliisoma nikiwa nimekaa juu ya godoro la watu, nikalilowesha, sasa limeanikwa na mwenyewe ananiuliza kulikoni. Kilichonitoa machozi ni ile "asante, mama". Mwanamke ametoka kwake, amepanda basi, amesimama getini kwenye jua, akuombe msamaha wa kosa ambalo mwanawe hakulifanya, nawe ukaupokea. Msimu huu umenibebesha mengi. Nimeombea mtu mzima, nimepigia makofi uonevu, nimemtukana kinyozi wa watu. Yote hayo nimeyabeba. Hili siwezi kulibeba peke yangu.

Unasema wenzako watakosa kazi. Huenda. Nawahurumia, na wenye watoto nawahurumia zaidi. Lakini uliposimama wima uliniandikia kwamba mlipanda nafasi mbili, kwa hiyo mpira mnaujua. Kama ni kushuka, shukeni kwa miguu yenu. Na usiwaze utakula wapi. Mito ipo, sufi ipo, na chumba chako nimeshakifagia.

Sasa nisikilize, sirudii. Usingoje Alhamisi. Barua hii nimempa dereva wa basi la asubuhi akukabidhi mkononi. Ukimaliza kuisoma, ulizia kwa mama yule ni wapi, uende, mchana, majirani wakiona. Usipige magoti, chini umekaa vya kutosha. Simama mlangoni umwambie: mwanao hakunigusa, nilijiangusha, pole uliyonipa haikuwa yangu. Akikutukana, sikiliza mpaka amalize. Akikufungia mlango, sema ukiwa nje, kwa sauti, kijana naye asikie huko ndani.

Kisha Alhamisi ingia kwenye kamati useme maneno yaleyale. Kocha akivua kofia, tazama upara wake, uendelee.

Nimeshakata tiketi. Kinyozi ananisindikiza, amekataa katakata nisafiri peke yangu. Tutakaa nje ya mlango wa kamati, na kiti cha kando yangu nitakiwekea mkoba, nimshikie nafasi mama yule. Ukitoka humo ndani usinikimbilie mimi. Anza kwake.

Bibi yako.