Kaka, Nani Atashika Nyumba ya Baba Nikienda Kusomea Upepo?

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Kinu chetu cha upepo kilianguka mwaka ule dizeli ilipokatika kwenye mashamba ya ngano, na wiki ileile tukakupoteza na wewe. Nimekuandikia barua tatu za bahasha, kimya. Hii ya nne naitoa gazetini, ukikosa kuisoma wewe atakusomea jirani.

Nimepata nafasi chuo kikuu, digrii ya uhandisi wa mitambo, na shabaha yangu ni nishati ya upepo. Lakini mimi ni kitindamimba, na kwetu Nambis unajua mwenyewe: mtoto wa mwisho wa kiume ndiye hubaki na nyumba ya baba. Siwezi kuondoka kienyeji kama ulivyoondoka wewe.

Unayakumbuka mavuno yale? Wewe dereva wa kombaini, mimi fundi msaidizi karakana. Ngano imeiva, kombaini sita foleni, matangi makavu. Tulikaa kwenye kivuli cha tairi tukiwaangalia ndege kwelea wakituvunia. Upepo wa tambarare ulikuwa unailaza ngano chini, nawe ukasema, "Mdogo wangu, nguvu ndiyo hii inapita bure, na sisi tunangoja lori kutoka pwani." Ulisema wewe, kaka. Mimi nilisikia tu, nikalishika neno.

Tukaunda kinu kwa mabati ya pipa na dainamo ya trekta chakavu, tukakisimika nyuma ya nyumba. Hakikugeuka hata kidogo. Tukalaumu beringi, tukaongeza grisi, mpaka mama akatoka na ungo mkononi, anacheka.

"Wanangu, babu yenu alijenga hapa kwa sababu upepo haufiki. Mimi mtama napepetea kule juu. Karakana wanawafundisha nini?"

Tukakihamishia juu ya kilima. Upepo ukiongeza kasi mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane; hesabu hiyo niliipata vitabuni baadaye, ungo wa mama ulikuwa umeshaipiga. Tukawa tunachaji betri kule juu na kuishusha begani, na taa ya trekta ikawaka mezani kwa mama.

Nilikuomba tuweke breki. "Acha woga," ukaniambia, "kwanza kizunguke." Upepo wa Agosti ukakizungusha kweli, ukaking'oa, kikamwangukia ng'ombe dume wa kulimia wa baba, akafa. Majirani wakaja na visu. "Mainjinia, asanteni kwa kitoweo! Kesho mtaangusha nini?" Nilicheka nao, maana nilijua kilichokosekana ni breki, siyo akili. Wewe ukaona aibu, ukapanda basi lililokuwa linarudisha wagonjwa kutoka hospitali ya Haydom, ukaenda zako.

Baba alilima kwa jembe la mkono mpaka alipofariki. Hukuja kuzika. Hilo linaniuma, na sitalipamba kwa maneno matamu.

Nasikia unawaambia watu nisomee kilimo, niwe meneja wa shamba, nipewe gari la serikali. Gari hilo litakunywa nini, kaka? Nimekaa karakana miaka ya kutosha kujua kwamba boliti moja ikikatika tunasubiri nyingine ije kwa meli. Nimesoma jioni baada ya kazi, nimefanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, hakuna aliyenishika mkono. Siombi ushauri wa digrii. Nimeshachagua, na kinu nitakachojenga kitasimama, kitakuwa na breki, na hakitaomba dizeli kwa mtu.

Ninachotaka kwako ni kimoja. Dada yetu Paskalina amerudi nyumbani na wanawe. Ng'ombe anakamua yeye, shamba analima yeye, mama anamtunza yeye. Wazee wa ukoo wanasema nyumba haipewi binti wakati watoto wa kiume wapo hai, labda kaka mkubwa aseme mwenyewe. Kaka mkubwa ni wewe. Bila neno lako nafasi yangu chuoni inapotea, kwa kuwa mama siwezi kumwacha kwenye nyumba isiyo na mwenyewe.

Wazee wanakutana Jumapili ya Mavuno, baada ya ibada. Usiniandikie habari za afya wala za mvua. Jibu lifike kabla ya kengele ya siku hiyo: utarudi kushika nyumba, au apewe Paskalina?

Mdogo wako wa mwisho